Seti ya raba za masta: inafaa kwa pedali inayozama, ila si kwa kila gari

Ukiingia duka la spea hapa Malindi ukasema pedali ya breki ya Probox inazama, kitu cha kwanza kuwekwa mezani ni pakiti ndogo ya raba za masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki kwenda magurudumuni. Ni bidhaa nzuri, tena bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya masta nzima. Ikifungwa kwenye masta inayostahili, pedali hurudi juu siku ile ile. Lakini pakiti nyingi hununuliwa kabla mtu hajapima kama masta ndiyo mbovu.

Kupima ni bure. Zima injini, kanyaga pedali mara tano au sita mpaka nguvu ya busta (kifaa kinachousaidia mguu kukandamiza breki) iishe, kisha ishikilie kwa mguu uliotulia kwa nusu dakika. Anza na uzito mdogo, halafu kandamiza kwa nguvu. Ikizama polepole kwa uzito mdogo lakini ikasimama ukikandamiza, shuku raba za ndani: mgandamizo mkubwa huutanua mdomo wa raba ukaziba, na ule mdogo huacha mafuta yapenye na kurudi nyuma. Pedali inayobonyea kama sponji ina hewa. Iliyo chini lakini ngumu, ambayo hupanda ukikanyaga mara ya pili, mara nyingi ni viatu vya breki za nyuma vimekaa mbali na dramu, na hapo raba mpya hazisaidii kitu, kaza adjasta inayovisogeza karibu na dramu. Ile inayoshuka kidogo pale injini inapowaka ni nzima kabisa, hiyo ni busta imeanza kazi.

Kisha lala chini ya gari. Kwa magari yanayobeba samaki, maji ya barafu yenye chumvi hudondokea paipu za chuma juu ya ekseli ya nyuma, na kutu huanzia hapo. Vua dramu uone kama silinda ndogo za nyuma zinavuja. Mafuta yakipungua na hakuna tone popote, legeza nati mbili zinazoshika masta, ivute mbele kidogo uchungulie: raba ya nyuma ikichoka, mafuta humwagika ndani ya busta bila kuonekana nje.

Ubishi ukibaki, pima masta peke yake. Fungua nati za paipu kwa spana namba 10, ziba matundu kwa plagi zenye uzi unaolingana (Toyota nyingi ni M10 × 1.0), toa hewa, kanyaga. Pedali ikiwa juu na ngumu, masta ni nzima na kasoro iko mbele yake. Ikizama hapo, sasa nunua.

Hata hapo, usilipe kabla ya kuifungua masta. Kipimo cha tumbo lake, yaani kipenyo cha tundu la ndani, mara nyingi kimeandikwa ubavuni, kwa mfano 13/16 ya inchi, yaani milimita 20.6. Raba za 7/8 zitaingia kwa kusukumwa na zitaharibika upesi. Pakiti za siku hizi nyingi huja na pistoni zilizokwisha kuvishwa raba, na hizo ndizo tunazozipendelea. Za raba tupu ni za bei nafuu zaidi, ila ukigeuza mdomo wa raba moja tu kazi yote ni bure. Piga picha kabla ya kuvua.

Sasa mulika ndani kwa tochi na upitishe ncha ya kidole. Ukuta ukiwa laini kama kioo, funga raba kwa moyo mkunjufu. Ukigusa vishimo au mkwaruzo, rudisha pakiti dukani ununue masta nzima. Kusugua msasa kwenye masta ya alumini ni kuondoa ngozi ngumu inayoilinda, na raba mpya zitaliwa upesi. Hewa ya pwani hii haisaidii: mafuta ya breki hunyonya unyevu, na mafuta yaliyokaa miaka mingi ndiyo huchimba vishimo hivyo. Kwa gari ambalo mafuta yake yamekuwa kama kahawa, tarajia kununua masta.

Osha kwa spirti au mafuta mapya ya breki. Petroli, dizeli au oili ya injini, hata tone, huvimbisha raba. Paka mafuta mapya kabla ya kuingiza, na ujaze masta na kutoa hewa ukiwa umeibana kwenye jiriwa, kabla haijarudi garini. Baada ya hapo toa hewa magurudumuni: kwa usukani wetu wa kulia, mifumo mingi huanza nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, kisha mbele kulia. Nusu lita hutosha kwa kazi hii. Kubadilisha mafuta yote, chukua lita nzima. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 205, yakishanyonya maji hushuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155, na kwa gari la mizigo linalokwenda Mokowe, kule Lamu, tofauti hiyo ina thamani. Chupa iliyokaa wazi dukani isikubaliwe.

Jambo moja fundi wengi hulisahau: gari likiwa na masta ya zamani, weka kipande cha mbao chini ya pedali unapotoa hewa. Pedali ikifika sakafuni, raba hupita sehemu ya tumbo isiyotumika kila siku, yenye uchafu na kutu, na hukatwa hapo hapo. Ndiyo maana gari huingia gereji kubadilishwa pedi tu na kutoka na pedali inayozama.