Wiki tatu na gemu la picha na mlio, uzoefu wangu

Jamani naandika hii kwa ajili ya yeyote aliyeambiwa apunguze sukari na anashindwa. Mie ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga, nakaa kwenye kiti toka saa mbili asubuhi, ikifika saa nne anapita kijana wa baiskeli na soda na ndoo yake ya kaimati, na kwa miaka sijawahi kumwacha apite hivi hivi.

Mpwa wangu ndo kaniwekea hii app ya bure. Haina pointi, haina zawadi, haikwambii hata hongera. Picha ya chakula inatokea kama sekunde moja, nyingine inakuja kimya unaiacha ipite, nyingine inakuja na mlio tii, hapo unabonyeza kabla haijapotea, basi. Picha za humo ni za vyakula vya Ulaya ila unaweza kuweka zako, nikapiga kaimati, soda, karanga na chungwa la Muheza lililomenywa, mlio nikauweka kwenye chungwa na karanga tu. Dakika kumi kila usiku baada ya isha.

Siku za mwanzo niliona napoteza muda. Kama siku ya saba hivi kijana kasimama mlangoni, pembeni yake mama wa machungwa na sinia lake, nikashtuka macho yangu yashafika kwenye sinia, anamenya lile ganda la kijani linashuka refu kama utepe, na mkono ukafuata. Wallahi sikujilazimisha, na hilo ndo limenigusa maana kujilazimisha nimejaribu sana na siku ya tatu huwa nimerudi kule kule.

Mpwa akaniambia kitu hiki kina utafiti wake, Tom Schonberg, Russell Poldrack na wenzao waliuchapisha 2014 kwenye jarida la Nature Neuroscience, walifanyia Texas huko Marekani. Robo ya picha za vitafunio ziliwekewa mlio, halafu watu wakapewa wachague kati ya vitu viwili wanavyovipenda sawasawa, wakachukua chenye mlio kama asilimia 60 hadi 65 ya mara zote, na macho nayo yalikaa zaidi hapo hapo.

Hapo kwenye sawasawa ndo penyewe. Chungwa nalipenda toka zamani, likawahi tu mbele. Tango silipendi, nikaliwekea mlio wiki nzima na bado silipendi. Na halua ya moto ilivyoletwa harusini Makorora nilikula.

Kasoro zake, inachosha, mlio ni huo huo mmoja, na picha zikizidi kumi simu yangu inakwama. Kaimati sijaacha ila sasa ni mara mbili kwa wiki badala ya sita, dawa naendelea nazo na kliniki naenda siku zangu zile zile.

Juzi nimemwekea na mama, yeye soda ya mchana ndo inamtesa, nikampigia picha ya mtindi anaoupenda. Anashika simu kwa mikono miwili, mlio ukilia anabonyeza kwa kidole gumba mpaka simu inatikisika.