ASSIST: tovuti ya kupangia uhamisho kuelekea shahada ya jiografia California

Mwanafunzi wa chuo cha jamii (chuo cha umma cha miaka miwili) huko California anayekusudia kumalizia shahada ya jiografia katika chuo kikuu cha umma hana budi kuifahamu tovuti ya ASSIST. Hii ndiyo hifadhi rasmi ya makubaliano yanayoonyesha ni kozi ipi ya chuo cha jamii inayohesabiwa badala ya kozi ipi ya chuo kikuu, na inahusisha vyuo vya jamii pamoja na mifumo miwili ya vyuo vikuu vya jimbo hilo, yaani University of California (UC) na California State University (CSU). Haitozi ada wala haikudai ujisajili. Vyuo vikuu vya majimbo mengine havimo, kwa hiyo anayelenga huko atafute taarifa kwingine.

Namna ya kuitumia haina ugumu: unachagua mwaka wa masomo, chuo unachosoma, chuo kikuu unachokilenga, kisha shahada. Ukurasa unaofunguka una pande mbili, kushoto zikiwa kozi zinazodaiwa na chuo kikuu na kulia zile za chuo chako zinazokubaliwa badala yake. Hapo ndipo umakini unapohitajika. Chuo kikuu kinaweza kudai kozi moja ya jiografia ya maumbile iliyo na mihadhara na maabara ndani yake, ilhali vyuo vingi vya jamii hufundisha mihadhara kwa uniti 3 (uniti ni kipimo cha uzito wa kozi) na maabara kwa uniti 1, kila moja ikiwa na namba yake. ASSIST huziweka zote mbili katika kisanduku kimoja na kuonyesha kwamba zinatakiwa kwa pamoja, lakini alama inayoonyesha hivyo ni ndogo, na msomaji mwenye haraka anaweza kudhani amepewa hiari ya kuchagua mojawapo. Mahali ambapo hakuna kozi inayolingana, tovuti husema hivyo waziwazi, na uwazi huo ni bora kuliko makisio.

Udhaifu wake mkubwa ni kwamba hujibu swali moja tu kwa wakati mmoja. Katika mfumo wa UC, shahada ya kwanza ya jiografia hutolewa Berkeley, Los Angeles na Santa Barbara, na kila kampasi ina madai yake. Kampasi nyingine ya UC, Davis, ina jina kubwa katika fani hii, lakini programu yake ya jiografia ni ya uzamili na uzamivu. Anayetaka kulinganisha kampasi hizo tatu hulazimika kufungua kurasa tatu na kuchora jedwali lake mwenyewe. Kazi hiyo inachosha, ila ina faida, kwa sababu kozi zinazojitokeza katika kila ukurasa ndizo za kusomwa mwanzo.

Tovuti haionyeshi pia kama kozi itafundishwa muhula ujao. Kwa jiografia jambo hili si dogo, kwani kozi za mifumo ya taarifa za kijiografia na za kazi za uwandani hazifunguliwi kila muhula katika vyuo vidogo. Isitoshe, kozi inayopokelewa na CSU si lazima ipokelewe na UC, na kozi za kompyuta zenye sura ya ufundi ndizo za kuangaliwa zaidi. Orodha ya kozi zinazohamishika kwenda UC imo humo humo ASSIST, ingawa wengi hawaifungui.

Kuna mambo mengine ambayo ukurasa wa shahada peke yake hauyatoshelezi. Anayelenga CSU atazame kwanza kama chuo chake kinatoa stashahada maalumu ya uhamisho katika jiografia, yenye uniti 60, iliyotokana na sheria ya mwaka 2010. Stashahada hiyo humhakikishia nafasi katika mfumo wa CSU, lakini si katika kampasi anayoipenda, na San Diego State, kampasi mojawapo ya CSU, kwa mfano, ina ushindani katika shahada zake zote. Kwa upande wa UC, kati ya kampasi tatu nilizozitaja ni Santa Barbara pekee iliyo katika mpango unaoitwa TAG, unaomhakikishia nafasi mwanafunzi anayehamia akitimiza masharti, ambao maombi yake hupokelewa mwezi Septemba, kabla ya maombi ya kawaida. Athibitishe mapema kwamba shahada yake imo katika mpango huo kwa mwaka husika.

Masomo ya jumla, yaani yale ambayo kila mwanafunzi husoma hata nje ya fani yake, nayo yamepangwa upya: tangu muhula wa vuli wa 2025, wanafunzi wapya hufuata mpango mmoja wa Cal-GETC wenye uniti 34, unaotumika UC na CSU. Mwanajiografia ananufaika hapa kuliko wengi, kwani jiografia ya maumbile na maabara yake huweza kuhesabiwa upande wa sayansi, na jiografia ya binadamu upande wa sayansi ya jamii, huku kozi hizo hizo zikiendelea kuhesabiwa kama maandalizi ya shahada.

Kwa usahihi wa taarifa, naipa ASSIST alama za juu. Kwa kumwongoza mgeni, alama za wastani tu. Haichukui nafasi ya mshauri wa masomo, ila humwezesha mwanafunzi kwenda kwake na maswali yenye uzito. Kabla ya kikao hicho, apakue makubaliano ya mwaka wake kwa muundo wa PDF na ayahifadhi, kwa sababu hubadilika mwaka hadi mwaka.