Tangi la lita 2,000 kwa nyumba ya shamba, Micheweni, Pemba
Tangu Unguja ilipokosa umeme kwa takriban miezi 3, kuanzia Desemba 2009, na pampu za maji zikasimama pamoja na taa, naamini kwamba nyumba ya shamba inayotegemea maji ya mfereji peke yake haijajitayarisha kwa lolote, seuze kwa siku ambayo serikali, soko na meli vitakwama kwa pamoja. Ndiyo maana nilinunua tangi jeusi la plastiki katika duka moja la Chake Chake. Hesabu yake ni nyepesi: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1, hivyo paa la mita 50 za mraba hulijaza kwa milimita 40, ambazo masika huweza kuzileta kwa siku moja. Weusi wake huzuia mwanga, na ukijani hauoti ndani. Kilichoniudhi ni mfereji wake wa plastiki wa kutolea maji, ulioanza kuvuja wiki ya pili, na muuzaji akakataa kuubadilisha; nikafunga wa shaba. Watu 5 wanaotumia lita 20 kila mmoja kwa siku watalimaliza kwa siku 20, kwa hiyo kile kisima cha marehemu babu nimekataza kisifukiwe.