Uzoefu wangu na huduma ya kupima maji ya kisima na udongo, Malindi

Nalima tungule (nyanya), bamia na vitunguu nje kidogo ya mji wa Malindi, kwenye mchanga usio mbali na bahari, na maji yote hutoka kisimani. Huduma ninayoieleza ni ya maabara binafsi inayopima maji na udongo kwa pamoja, kisha humwandikia mkulima ushauri wa mbolea. Niliitafuta kwa sababu vitunguu vilikuwa vikidumaa licha ya kutiwa CAN, mbolea ya kukuzia yenye naitrojeni, na ncha za majani zilikauka kana kwamba zimebabuliwa na moto.

Uchukuaji wa sampuli ulifanywa kwa makini. Mhudumu aliiacha pampu imwage maji kwa muda, akaisuuza chupa mara tatu kwa maji yaleyale ya kisima, akaijaza hadi mdomoni bila kuacha hewa, ndipo akaifunga na kuiandika tarehe.

Majibu yalionyesha chumvi ya desisimensi 2.3 kwa mita, kipimo cha jinsi maji yanavyopitisha umeme, ambacho hupanda kadiri chumvi inavyozidi. Kwa vigezo vya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, maji yaliyo chini ya 0.7 hayana tatizo na yanayozidi 3.0 ni ya hatari, kwa hiyo yangu yako katikati. Lakini katikati hiyo haina maana moja kwa kila zao. Kwa kiwango hicho tungule hupoteza takriban asilimia 10 ya mavuno, ilhali vitunguu huweza kupoteza zaidi ya theluthi, na hasara hiyo haifidiwi kwa kuongeza naitrojeni, kwani mmea uliozuiwa na chumvi kunywa maji hauwezi kuitumia mbolea yote unayopewa, na mbolea yenyewe ni chumvi nyingine.

Ushauri ulionifaa kuliko wote ulihusu utaratibu wa kumwagilia. Chumvi huondolewa kwenye mizizi kwa maji ya ziada yanayoisukuma chini, lakini maji hayohayo huiteremsha pia naitreti, yaani naitrojeni iliyoyeyuka ambayo mmea huinywa, hasa katika mchanga. Kwa hiyo walitaka udongo usafishwe kwanza, kisha mbolea itiwe kwa mafungu madogo badala ya yote kwa mkupuo. Yurea, yenye asilimia 46 ya naitrojeni, ifukiwe na kumwagiliwa kidogo papo hapo, kwa kuwa ikiachwa juu ya udongo wenye joto sehemu yake hugeuka amonia na kupotea hewani. Nimelipunguza eneo la vitunguu, tungule zimechukua nafasi, na gharama ya mbolea imeshuka bila mavuno ya tungule kupungua.

Hata hivyo, ripoti iliandikwa kwa Kiingereza peke yake, ilhali anayeshika mpira wa maji shambani ni kijana asiyeisoma lugha hiyo. Ilinibidi niiandike upya kwa Kiswahili na kuibandika kwenye banda la pampu. Kubwa zaidi, naitreti iliyomo majini haikupimwa. Naitrojeni inayokuja na maji yafaa itolewe kwenye hesabu ya mbolea, na majirani huchota kisimani humo maji ya kunywa, ambayo kikomo chake kwa Shirika la Afya Duniani (WHO) ni miligramu 50 za naitreti kwa lita.

Kwa mwenye kisima karibu na pwani, kuanzia Watamu hadi Mambrui, naipendekeza huduma hii, ila aombe naitreti ipimwe, na sampuli ichukuliwe mwishoni mwa kaskazi, kabla mvua za masika hazijayazimua maji. Anayemwagilia kwa maji ya Mto Sabaki ana shida nyingine, tope linaloziba mipira ya matone, na yeye ningemshauri aanze na chujio.