Uzoefu wangu: kuhuisha leseni ya biashara kupitia TAUSI

Nina duka la vifaa vya ujenzi, na safari hii nilihuisha leseni kupitia TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa TAMISEMI (ofisi ya serikali ya Tanzania inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa) ambao halmashauri huutumia kutoa leseni na kukusanya mapato. Mfumo wenyewe sina lalamiko nao, kwani niliingia kwa simu nikiwa dukani, nikajaza TIN (namba ya mlipakodi) na taarifa za biashara, na ombi likapokelewa kabla mteja aliyekuwa akichagua bawaba hajaondoka.

Baada ya hapo ombi lilikaa siku 9 za kazi. Nilikuwa naandika tarehe kwenye daftari la mauzo, na siku ya kumi nikaenda halmashauri mwenyewe. Ukutani, juu ya benchi la kusubiria, palikuwa na mkataba wa huduma kwa mteja uliowekwa kwenye fremu ya kioo, ukiahidi leseni ndani ya siku 2. Afisa alinipokea kwa heshima, akafungua kompyuta, na ombi likapita kwa muda usiozidi robo saa. Kazi yenyewe, basi, ni ya robo saa. Siku zote zile zilikuwa za kusubiri tu.

Halmashauri zetu hupimwa kwa makusanyo ya mapato na kwa hati ya ukaguzi ya CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali), na mkurugenzi huitwa mbele ya LAAC, kamati ya Bunge ya hesabu za serikali za mitaa, hesabu zikiwa na dosari. Hayo ni ya lazima. Hata hivyo, hati inayoridhisha inathibitisha kwamba hesabu zimeandaliwa inavyotakiwa, wala haisemi mfanyabiashara alisubiri siku ngapi. Ombi la kielektroniki lina tarehe ya kuingia na ya kuidhinishwa, kwa hiyo kupima muda wa kusubiri kunawezekana bila kuajiri mtu: kila robo mwaka, maombi mangapi kati ya 100 yalikamilika ndani ya muda ulioahidiwa, idadi hiyo ibandikwe kwenye mbao za matangazo pamoja na taarifa ya mapato na matumizi. Nasisitiza idadi hiyo badala ya wastani, kwa sababu wastani humficha aliyesubiri mwezi mzima. Ni haki pia idadi ya maofisa itajwe, maana halmashauri yenye afisa biashara mmoja haiwezi kulinganishwa na jiji.

Mfumo naupa nyota 4 kati ya 5, na huduma ya halmashauri nyota 2. Leseni ni ya miezi 12. Nikiihuisha tena nitaziandika tarehe zote daftarini.