Uzoefu wangu: Kupanda Ol Doinyo Lengai usiku mmoja na kampuni ya utalii

Mwezi wa Septemba, kiangazi kikiwa kimekolea, tulikuwa watu wanane, walimu sita na ndugu zetu wawili, tulioilipa kampuni moja ya utalii itupandishe Ol Doinyo Lengai, volkano hai iliyo kaskazini mwa Tanzania, kwa usiku mmoja. Malipo yalijumuisha gari kutoka Arusha kupitia Mto wa Mbu hadi kijiji cha Engare Sero, mahema, chakula na waongozaji wawili. Gari na chakula havikuwa na kasoro. Ninachotaka kukieleza ni hiyo idadi ya waongozaji.

Tulianza kupanda saa sita kasoro usiku. Mlima huu hupandwa usiku kwa sababu bonde la Ziwa Natron huwaka jua mchana, na katika miteremko ya juu hakuna mti hata mmoja wa kujisitiri. Urefu wake ni meta 2,962, na mtu aliyezoea kusikia habari za Kilimanjaro huudharau. Lakini Kilimanjaro hupandwa kwa siku tano au zaidi, ilhali huku unapanda takribani meta 2,000 kwenda juu na kuteremka zote kabla ya siku kwisha, ukikanyaga majivu ya volkano ambayo mahali pengine yameshikana kama saruji na mahali pengine yanamomonyoka chini ya kiatu. Katika nusu ya juu tulitumia mikono sawa na miguu.

Waongozaji wetu, vijana wa Kimaasai wa Engare Sero, waliijua njia barabara. Aliyetangulia aliniambia, "Dada, weka mguu pale nilipoutoa mimi," na kila nilipomsikiliza sikuteleza. Hata hivyo, saa tisa usiku mwenzetu mmoja alianza kutapika, ikabidi mwongozaji mmoja amrudishe chini. Tukabaki watu saba na mwongozaji mmoja. Mstari ulirefuka hadi tochi ya mwisho ikaonekana mbali sana chini yetu, na mawe yaliyong'olewa na viatu vya waliotangulia yakawa yanaporomoka kuelekea kwa waliofuata, ambao hawakuwa wamepewa kofia ngumu. Jiwe lenye ukubwa wa ngumi lilipita karibu na bega la dada yangu. Yule kijana alitusimamisha, akateremka mwenyewe kuwafuata walioachwa nyuma, akatukusanya tena. Kwa uamuzi huo ninamshukuru mpaka leo.

Tulifika kileleni jua limeshachomoza, kivuli cha mlima kikiwa kimelala upande wa magharibi hadi kwenye ukingo wa Bonde la Ufa. Mwongozaji hakuturuhusu kusogea kwenye mdomo wa kreta (shimo la volkano), ambayo milipuko ya 2007 na 2008 iliiacha na kuta zilizosimama wima. Kutoka tuliposimama tuliona ndani yake vilima vidogo vya lava vyenye umbo la vichuguu, vingine vyeusi, vingine vyeupe. Hii ndiyo volkano hai pekee duniani inayojulikana kutoa lava yenye kabonati nyingi za sodiamu na potasiamu. Joto lake ni kama nusu ya lava ya kawaida, hutiririka upesi, hupoa ikiwa nyeusi, kisha unyevu wa hewani huigeuza kuwa nyeupe. Nimefundisha jiografia kwa miaka kumi na moja, na asubuhi ile macho yalinilenga machozi.

Kuteremka kulituchukua saa tano, na magoti yaliumia kuliko wakati wa kupanda. Hapo pia mwongozaji mmoja hakutosha, kwa kuwa kila mmoja wetu alihitaji mkono wa kushika katika sehemu zilezile.

Kampuni niliiandikia nikaitaka iweke mwongozaji mmoja kwa kila wapandaji wawili, pamoja na wa akiba wa kumrudisha mgonjwa, na itoe kofia ngumu. Ilijibu kwamba nyongeza hiyo ingepandisha bei. Mwaka ujao ninakusudia kurudi na wenzangu walewale. Nitalipa hiyo bei, lakini kwa kampuni itakayokubali masharti hayo kwa maandishi, na nitaomba tuongozwe na kijana yuleyule.