Bablishi za kopo, nimezipima kwa tepu ya cherehani

Kopo la kwanza nililirudisha. Nilikuwa nimekwenda Kariakoo kufuata zipu na vifungo, nikapita duka moja la jumla la pipi upande wa Mtaa wa Kongo, nikachukua kopo la bablishi za waridi, vidonge 100, shilingi 6,500. Nafika nyumbani Mwananyamala, natia kimoja mdomoni, kinavunjika kama chaki. Kesho yake nikapanda mwendokasi pale Morocco, kopo langu mkobani. Muuzaji akanijibu, "Mama, bigijii haiozi." Ni kweli haiozi, lakini inakauka, na ikishakauka hata ukitafuna mpaka taya ziume hairudi kuwa laini vizuri. Hela hakunirudishia, ila alikubali kunibadilishia. Siku hizi nabonyeza kwanza kidonge juu ya karatasi yake: kikibonyea kidogo nachukua, kikiwa jiwe namwachia mwenyewe.

Kwa hiyo haya ninayoandika ni ya kopo la pili.

Mwenye biashara si mimi. Ni Zuhra, binti wa dada yangu, ana miaka tisa na meza ya pipi kibarazani pangu, pembeni ya cherehani. Anauza 100 kwa kidonge. Kwa hesabu ya daftarini, kopo linampa faida ya 3,500, ukimwondoa mteja mmoja asiyelipa kamwe, ambaye ni Zuhra mwenyewe. Siku moja naweka lastiki kwenye sketi ya shule, akaniuliza, "Mama mdogo, mbona ile bigijii ya mnanaa haitoi puto?"

Nikamvutia lastiki iliyokuwa mkononi. Jibu lilikuwa pale pale.

Ukitafuna bigijii, unachomeza ni sukari na ladha. Kinachobaki ndicho kiwandani wanakiita gamu besi, na hakiyeyuki kwa mate hata ukitafuna mpaka magharibi. Zamani ilikuwa utomvu wa mti wa Meksiko na Guatemala, utomvu wenyewe ukiitwa chikle. Sasa hivi kwa sehemu kubwa inatengenezwa kiwandani: kuna mpira wa jamii ile ya tyubu za tairi, kuna polivinili asetati ambayo seremala anaijua bila kujua jina lake, maana ndiyo iliyomo kwenye gundi yake nyeupe ya mbao, halafu nta kidogo na vilainishi. Msishtuke, ya kutafunwa inatengenezwa kwa kiwango cha chakula. Molekuli zake ni nyuzi ndefu mno zilizojikunja na kusokotana, kama uzi wa kibiringo alioachiwa mtoto. Joto la mdomo linazilegeza. Ukipuliza zinanyooka, zinateleza moja juu ya nyingine bila kuachiana, na ngozi inazidi kuwa nyembamba huku hewa ikikaa ndani. Bablishi imechanganywa makusudi iwe na mvuto huo. Ile ya mnanaa imetengenezwa kwa kutafunwa tu, mshikano wake ni mdogo, ukiilazimisha inachanika. Ni sawa na kushona gauni la kubana kwa kitambaa kisichovutika: bi harusi akikaa tu, mshono unaachia.

Basi tukapima. Wapimaji walikuwa Zuhra, wanafunzi wangu wawili wa ushonaji, na mimi. Dakika ya kwanza hakuna aliyepata kitu, puto zote zilitoboka zikiwa ndogo kama gololi. Wanafunzi wakataka kuzitupa. Nikawaambia watafune kwanza. Sukari ni zaidi ya nusu ya kidonge, na chembe zake zikiwa bado ndani, ngozi ya puto haiwi sawasawa, inatobokea hapo hapo penye chembe. Utamu wa hizi uliisha kama dakika ya nne, na kwa ladha nazikata alama, kwa sababu zile za duka la jirani zinafika dakika sita. Lakini baada ya hapo ndipo mambo yalipoanza. Kidonge kimoja, inchi tatu na nusu. Viwili pamoja, inchi tano na robo, za Zuhra, na ilipopasuka ilimfunika pua mpaka nyusi. Ya mnanaa haikufika hata inchi moja. Mwanafunzi mmoja alikunywa maji ya baridi katikati ya shindano, bablishi ikakaza mdomoni, akatoka mchezoni.

Rangi ya waridi ina hadithi yake. Aliyefanikiwa kutengeneza bablishi ya kuuzika hakuwa fundi wa pipi, alikuwa mhasibu: Walter Diemer, wa kampuni ya Fleer huko Philadelphia, Marekani, mwaka 1928. Kampuni hiyo ilishajaribu tangu 1906, lakini mchanganyiko ule wa mwanzo ulinata mno usoni, haukuingia sokoni. Diemer akawa anachanganya changanya mwenyewe pembeni ya kazi yake ya hesabu. Alipopata uliokubali, rangi iliyokuwapo karibu ilikuwa ya waridi, akaitia hiyo. Tena ikabidi awafundishe wauzaji wa kampuni kupuliza puto, wakaonyeshe madukani. Nawaona wanaume wazima na tai zao wanapuliza.

Kiwandani penyewe hapana ajabu kubwa kwa mtu aliyewahi kukanda unga wa chapati. Gamu besi inayeyushwa, inachujwa, inakandwa kwenye sufuria kubwa la mashine pamoja na sukari ya unga, glukosi, ladha na rangi. Donge linasukumwa kwenye tundu litoke kama kamba, linapozwa, linakatwa, linafungwa karatasi. Ule unga mweupe unaouona kwenye bigijii nyingine ni wa kuzuia zisigandane. Kwa joto letu la Februari haufui dafu: kopo likikaa juani, karatasi inaganda na bablishi, na mtoto anatafuna vyote viwili.

Sasa shida yangu mimi kama fundi. Kipande kimoja kilitua kwenye satini ya sare ya harusi, rangi ya dhahabu, siku mbili kabla ya shughuli. Usisugue, na maji ya moto usiyaguse, yanailainisha na kuizamisha kwenye nyuzi. Niliweka barafu juu yake mpaka ikawa ngumu, nikaibandua kwa mgongo wa kisu. Ilitoka yote, mwenye sare hajui mpaka leo. Kwa nywele dawa ni mafuta ya nazi, kwa sababu gamu besi inayoshindana na maji haishindani na mafuta. Hilo nalo limenikuta, kwenye rasta za mteja.

Nitalinunua tena? Kama unataka kitu cha kutuliza mdomo baada ya kitunguu, hapana, utamu hauna maisha. Kwa puto, ndiyo, kwa bei hii sijaona inayolifikia.

Rekodi ya dunia ya kupuliza bila kushika kwa mikono ni ya Chad Fell wa Alabama, mwaka 2004, puto la kipenyo cha sentimita 50.8, kwa vidonge vitatu. Hizo ni inchi 20, urefu wa tepu ninaouzungusha kiunoni mwa mtoto wa chekechea. Nilimfungulia Zuhra tepu mpaka hapo, aione. Akaitazama, akajishika mashavu, halafu akafungua kopo na kutoa vidonge vitatu. Nikamwambia aandike 300 kwenye daftari.